Mikima Mia Mbili na Kumi na Mbili

...sitini na tatu, sitini na nne, mwenyekiti wa jopo anahesabu kwa kalamu, anaugusa kila mti kwenye gome kama mtu anayeamsha wageni waliolala, na Rehana aliyesimama kwenye pembe ya tatu anahesabu naye kimoyomoyo ingawa hana haja, idadi anaijua, ni mia mbili na kumi na mbili, angeweza kumpigia ukelele kutoka hapa akamwambia mzee usijichoshe, minane ilikufa kiangazi cha kwanza na minane ikarudishwa, lakini ukimwambia hivyo atakuuliza umejuaje, na hilo ndilo swali lililowatoa watu watatu Nairobi na mafaili yao wakaja kukanyaga vumbi la Bustani ya Gathambo saa nne ya asubuhi, nani alipanda hii miti, si jingine, alilisema mwenyewe pale langoni, akiwa bado anajipaka mafuta ya jua puani, "Nahesabu kwanza, nikifika pale kwa pembe ya tatu nauliza swali moja tu, nani alipanda," na Mwalimu Benter, katibu wa kikundi cha bustani, mwanamke asiyejua kunong'ona kwa sababu ya miaka ishirini ya darasa la watoto sitini, akamshika Rehana kiwiko na kunong'ona hivyo hivyo, "Mama Aaliya, jibu ni moja, hatujui, tukisema hatujui hiyo kazi ya kuonyesha ni ya kampuni," na Rehana akaitikia kwa kichwa, nani hakuitikia, kikundi kizima kiliitikia, watu thelathini na kitu wa kanisani na msikitini wameitikia uongo mmoja kwa pamoja, hata kwenye mikutano ya kawaida hawajawahi kukubaliana hivyo... sabini, sabini na moja... na kwa nini anatembea polepole hivi, au ni yeye Rehana ndiye anayeona polepole, jua limeshika, Mlima umetoka wote leo, hauna wingu hata moja, barafu yenyewe imebaki mistari miwili mitatu tu, na huko nyuma wakili wa kampuni anasoma, sauti inakuja na kupotea na upepo, "...kutoka alama namba mbili, mita mia moja hamsini na tano, kuelekea mtoni, mpaka unaotambulika kwa mstari wa miti uliopandwa na wakazi wenyewe, bila kushurutishwa..." bila kushurutishwa, hapo amesema kweli, hakuna aliyewashurutisha, ingekuwa afadhali wangeshurutishwa, mtu aliyeshikiwa rungu ana la kusema baadaye, wao walishikiwa nini, walipewa miche, wakapewa mkate na soda, na majembe walitoka nayo nyumbani.

Na kamba, usisahau kamba, kamba aliishika nani, Maxwel aliishika upande mmoja, yule pale amesimama karibu na wakili na shati lake jeupe, mtu wa kampuni wa kukaa na jamii, ndivyo wanavyomwita, kazi yake ni kukaa na jamii, na anakaa nayo kweli, anajua mtoto wa nani amemaliza shule na goti la nani linauma, ukikutana naye sokoni anakubebea mzigo, huyo mtu hata kumchukia ni kazi, na upande wa pili wa kamba aliishika Rehana, Rehana mwenye nasari ya miche pale langoni, kwa sababu hapa Gathambo mambo ya miche yakitajwa watu wote wanageuka kumtazama yeye, na yeye anapenda kutazamwa, basi, aseme ukweli hata kama ni moyoni tu, anapenda. Ilikuwa Aprili ya mwaka juzi, mvua imeshuka vizuri, Maxwel akaja na pikapu imejaa miche ya mikima, akasema kampuni imeamua kusaidia bustani kwa miti, wala hakutaja kiwanda, kiwanda kilikuja kutajwa baada ya miezi kumi na minne, kiwanda cha nguzo za umeme, mikaratusi ikatwe huko milimani, iletwe hapa, ishindiliwe dawa kwenye matangi, ile dawa ya kijani inayofanya nguzo isiliwe na mchwa, hatua mia kutoka mto ambao nusu ya mtaa wa Majengo inafulia na kumwagilia sukuma... themanini na mbili... basi pikapu ya mikima, na jambo linalomla Rehana usiku na mchana, si kwamba walidanganywa, watu hudanganywa kila siku, ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeshangaa. Mikima, kwa jina la Mungu. Nenda shamba lolote kuanzia Murang'a hadi Kutus, uliza mukima unapandwa wapi, hata mtoto atakuonyesha, unapandwa mpakani, mmoja mmoja, hatua tatu tatu, ili jirani ajue anaishia wapi, hakuna mtu anayepanda mukima katikati ya uwanja watoto wakauzunguke, na kwa hiyo Maxwel alipotoa vigingi vyake na kamba akasema tufuate laini ionekane safi, mikono ya watu wote ilikubali kabla vichwa havijafikiri, mukima na laini ni kitu kimoja, wakachimba. Ungewaletea miche ya matunda na kamba wangeuliza kamba ya nini. Ungewaletea miiri wangeitawanya kule mteremkoni palipomomonyoka, walikokuwa wakiomba miti miaka yote. Lakini waliletewa mikima, na mtu mzima wa Nyeri ukimpa mukima na kamba haulizi, anatema mate kwenye viganja na kuinua jembe. Hata Mzee Theuri, askari wa msitu kwa miaka thelathini na mitatu, aliyewahi kumfukuza mkata mierezi hadi mtu akaacha viatu, yeye ndiye alikuja wa kwanza siku ile, amevaa koti lake la zamani la kazi, na alichimba mashimo arobaini peke yake akiimba...

"Ati wanahesabu nini hawa," Mzee Theuri anasema sasa, amesogea kando yake, anajipepea kwa kofia, "miti haitembei. Mama Aaliya, uko na maji?" na Rehana anampa chupa bila kumtazama, na mzee anakunywa, anapangusa midomo, anasema kwa sauti ya chini, "Mimi nikiulizwa siwezi kusema sijui. Nitanyamaza tu. Kunyamaza si kudanganya, ama namna gani?" na Rehana anasema, "Si kudanganya, mzee," ingawa hajui, nani anajua, labda ni kudanganya kwa bei rahisi, tisini na nne, tisini na tano... cucu wake wa Mathira, bibi mzaa mama, angejua, cucu alikuwa na maneno machache lakini kwa mambo ya mpaka hakuwa na mchezo, Rehana alikuwa na miaka saba, mama yake alikuwa ameshasilimu na kuolewa Majengo lakini likizo ilikuwa lazima iende Mathira, na siku moja Mjomba Kinyua na jirani yao walimaliza ugomvi wa miaka mingi, wakavuta kamba, wakapanda mikima, na cucu akakusanya wajukuu wote, wa kwake na wa jirani, akawapanga kwenye kila pembe na kuwapa kila mmoja kipande cha kiazi kitamu cha kuchoma, kula, akasema, ukiwa mzee mtu akikuuliza mpaka uko wapi utakumbuka ulikula hapa, na wewe uliyesimama ukaona ukanyamaza umekubali, na Rehana bado anakumbuka kile kiazi, kilikuwa kimeungua upande mmoja... na siku ya pikapu walikula wapi mkate na soda, walikula hapa hapa, pembe ya tatu, chini ya miguu yake hii, wameketi kwenye nyasi na udongo mikononi wakicheka, Benter akiwagawia, na Maxwel akasema tupige picha ya kumbukumbu, na hakuna hata mmoja, hata yeye aliyekula kiazi cha Mathira, hakuna aliyesikia ubaridi mgongoni.

Mia moja na tatu. Picha yenyewe wakili ameionyesha asubuhi, imekuzwa ikawa kubwa kama dirisha, lakini si ile ya mkate, ile labda haikutoka vizuri, ni ya watu wakipanda, na mtu anayepanda ameinama, kwa hiyo ni picha ya migongo, migongo thelathini na kitu na hakuna uso hata mmoja, na Benter alipoiona uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu jopo litangazwe, akasema, "Mnaona? Hiyo inaweza kuwa watu wa popote. Inaweza kuwa Mwea," na mwenyekiti karibu acheke, na ni kweli, mgongo hauna jina, ila Rehana aliuona wake palepale, wa nne kutoka kushoto, leso ya manjano, amenyoosha mkono anamwonyesha mtu kitu, na anajua alikuwa anasema nini, alikuwa anamwambia mama mmoja wa watu toa hicho, rudia, umetoka nje ya laini. Haya ndiyo alifanya. Watu wengine walipanda tu, yeye alisimamia. Maxwel alikuwa amekosea pembe hii, pembe ya tatu, kamba ilikuwa imelala vibaya, ukitazama kwa jicho unaona imejipinda kama kiwiko cha mlevi, na Rehana akasema hapana, akapima hatua tatu huku, nne huku, tano katikati, kama alivyomfundisha Hamdan, mume wake, fundi wa mawe, Mungu amrehemu, aliyeweza kuweka pembe ya nyumba bila chombo, na kigingi kikang'olewa kikasogezwa karibu mita mbili, na Maxwel akapiga makofi, akasema, "Mama, wewe ungekuwa saveya," na alitembea nalo hilo neno wiki nzima, alimpigia Aaliya simu huko Kutus kumwambia. Mita mbili. Kampuni ilikuwa inapunjwa mita mbili na yeye akairudishia. Unaweza kucheka. Benter angejua angecheka au angelia, hajui lipi, Benter ndiye aliyeandika barua zote, ofisi hii hadi ofisi ile, anazunguka na faili kwenye mkoba wa vitabu vya watoto, na ameongea nao wote, akaambiwa rudi kesho kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hadi jopo hili likapatikana, na jopo ni kikao kimoja, leo, hakuna kingine, likiona kwamba wakazi walijua mpaka na waliupanda wenyewe basi malalamiko yao yamekuja yakiwa yamechelewa, matingatinga yaingie, na likiona hawakujua wanapata miezi sita mingine ya kusikilizwa, miezi sita tu, ndicho kitu wanachopigania, watu wazima wamejifunza uongo kwa ajili ya miezi sita...

na hata hiyo haipo, kwa sababu Benter hajui kuhusu barua. Mia moja na kumi na tisa. Barua ilikuwa Februari kama hii, kiangazi cha kwanza, mikima ina miezi kumi, majani yameanza kujikunja, minane imeshakauka, na yeye angepita vipi kila siku kwenda kwenye nasari yake akiiona, yeye hajawahi kuacha mche ufe akiutazama, alibeba maji kutoka mtoni kwa mitungi hadi mabega yakakataa, akatoa mikima minane yake mwenyewe akajaza mapengo, kisha akachukua karatasi ya daftari akaandika kwa mkono wake, Kwa Bwana Maxwel, naomba tanki la maji mara mbili kwa wiki kwa ile mikima tuliyopanda na kampuni, inataka kufa, nitamwagilia mwenyewe bila malipo, wako mwaminifu, Rehana, akaandika na namba ya kitambulisho, kwa nini aliandika namba ya kitambulisho, hakuna aliyemwomba, ni ile tabia ya kuhudhuria mikutano, ukishika kalamu tu mkono unaandika namba ya kitambulisho. Na maji yalikuja. Kila Jumatatu na Alhamisi. Na alimwagilia, mti kwa mti, akiisemesha, wiki kumi na moja hadi mvua ikashuka. Kama angeacha tu. Hakuhitaji kupigana na mtu, hakuhitaji jopo wala wakili, angekaa kwenye kiti chake pale langoni, ajaze udongo kwenye vikaratasi vyake vya miche, aache jua lifanye kazi, na leo kungekuwa na vijiti vikavu na huyu mzee angehesabu nini. Na leo asubuhi, wakati watu wanashuka kwenye magari, Maxwel alimjia, akamsalimia kwa mikono miwili, akasema polepole, kwa huruma, huruma ya kweli, hiyo ndiyo mbaya, "Mama Aaliya, usijisumbue na mambo mengi. Ile barua ya maji tuko nayo kwa faili. Sikutaka uishtukie mbele ya watu," na akaenda zake kumsaidia mwanamke wa jopo kuvuka mtaro. Kwa hiyo akisema hajui, barua itasomwa. Akisema anajua, haina haja ya kusomwa. Amezunguka humo ndani ya kichwa chake tangu wakati huo na hakuna mlango. Alifikiri, atasema ni yeye peke yake, aliipanda yote, mikima mia mbili, mwanamke mmoja na wazimu wake wa miche, kikundi hakikujua lolote, na kwa muda wa miti kumi hivi moyo ulimwinuka kwelikweli, ndiyo, ndiyo hiyo, mia moja ishirini na nane, mia moja ishirini na tisa, hadi ikamjia ile picha ya migongo, hawezi kuwa na migongo thelathini, na barua yenyewe imeandikwa tuliyopanda, na moyo ukarudi ulikokuwa. Alijaribu pia kung'oa mukima mmoja. Wiki iliyopita, alfajiri, kabla watu hawajaanza kupita, alienda kwa ule wa kwanza karibu na lango akaukumbatia na kuuvuta kwa mwili wote, akijiona mjinga, na haukusogea hata kidogo, ni miaka karibu miwili, umemzidi urefu, mizizi imeshika chini, na alisikia, aibu gani hii, alisikia raha kidogo, akajisemea umeshika vizuri.

"Hii laini imenyooka," mwenyekiti anamwambia karani wake, sasa amekaribia hata sauti yake inafika bila upepo, amesimama, ametazama nyuma alikotoka kwa jicho moja kama mtu anayepima mbao, "nimeona mipaka mingi, hii imenyooka. Aliyepanda hapa anajua kazi," na kabla Rehana hajajishika kitu cha moto kinampanda kutoka tumboni hadi masikioni na anajua ni nini, ni furaha, ni ile ile ya wewe ungekuwa saveya, mbele ya msiba wa bustani nzima mwili wake umesifiwa na umefurahi, na anamtazama Benter haraka kama amemwona, lakini Benter anapanga karatasi zake, midomo inajisemesha, anafanya mazoezi ya maneno ambayo barua moja ya karatasi ya daftari itayala kabla hayajamtoka. Na nyuma ya Benter kuna bustani yenyewe, Rehana anaitazama kama hajawahi, ule muiri mkubwa ambao mama yake, miguu ilipoanza kumkataa, alikuwa akitembezwa hadi chini yake kila asubuhi, aegemee, apumzike, arudi, na mitamaiyu mitatu, mizeituni ya mwituni, na ile nyasi ya upande wa kibla inayolala chini kila Idd kwa vipaji vya nyuso vya Majengo nzima na Jumapili inakanyagwa na kwaya, na anafuata kwa macho, kutoka pembe ya kwanza hadi ya pili hadi hapa aliposimama, na ndipo anaelewa kitu ambacho wakili amekisoma asubuhi nzima mbele ya masikio yake, mpaka unaotambulika kwa mstari wa miti, unaotambulika, kwa hiyo hii haitakatwa. Muiri utakatwa, uko ndani. Mitamaiyu iko ndani. Nyasi iko ndani, itamwagiwa zege. Hii mia mbili na kumi na mbili itabaki, itawekwa seng'enge kati yake, itakua, mikima hukua upesi, itafunika matangi watu wasiyaone, na miaka ishirini ijayo mtu akipita njia hii kitu pekee kitakachokuwa kimebaki cha Bustani ya Gathambo ni kile alichokipanda yeye. Hakuna kitu kingine. Kazi ya mikono yake peke yake ndiyo itakayopona, na hana hata wa kumwambia hilo, Mzee Theuri amefunga macho chini ya kofia yake, Maxwel anamtazama kutoka kule na kumtikisia kichwa kidogo, kwa upole, kama mtu hospitalini. Mia moja arobaini na nane. Na ajabu ni kwamba hofu haipo tena, ilikuwa hapa sasa hivi, ameitafuta, haipo, atasema ni mimi, ni sisi, na mimi ndiye niliyenyoosha, atalisema kabla Mwalimu Benter hajafungua mdomo, ili angalau Mwalimu asije akasomewa barua usoni mbele ya watu aliowapigania, hilo moja anaweza kumpa, na baada ya hapo ana mengine, anayo yote tayari, kwamba mukima mtu hupewa na kuupanda, kwamba hakuna aliyewahi kuwaletea chochote pale isipokuwa siku ile, kwamba siku ile walicheka, kwamba mti ukiwa na kiu mbele ya macho yako huwezi kuuliza kwanza ni wa nani, angeweza kuyasema yote kwa dakika mbili na hata huyu mzee wa Nairobi angeyaelewa. Anaitazama karatasi iliyobanwa kwenye ubao mkononi mwa karani, sasa wako karibu vya kutosha kuiona, ni fomu iliyochapwa, mistari yake imepigwa kwa rula, pana sehemu ya idadi ya miti, pana sehemu ya jina la aliyepanda, kisha tarehe na sahihi na mwisho wa ukurasa. Mia moja na hamsini, anasema mwenyekiti, anaugusa mti, anasogea. Imebaki tisa amfikie, na watamuuliza nani, na atawajibu, na hawatamuuliza kwa nini.